Picha za Mwezi wa Jupiter kwenye Bariyeri ya Miti

Papa, baba yangu, alikuwa fundi wa kupima matetemeko ya ardhi katika kituo cha utafiti cha Lwiro. Kabla ya vita, mtaalamu mmoja wa ng'ambo aliyewahi kufanya kazi naye alimtumia bahasha ya picha zilizopigwa na chombo cha angani. Zilionyesha mwezi mmoja wa Jupiter, sayari kubwa kuliko zote, uso wake umejaa mashimo yaliyochimbwa na mawe yaliyoanguka kutoka angani.

Vita vilipofunga shule yetu nilikuwa na miaka kumi na sita. Papa akanipa lenzi na kalamu za rangi, akanifundisha kuyahesabu mashimo yale.

"Penye mashimo iko mingi," alisema, "udongo ule iko wa zamani zaidi."

Mara ya kwanza nilihesabu vivuli badala ya mashimo. Akafuta yote. Nilikasirika, nikaanza upya.

Waporaji walipoanza kuvunja ofisi za kituo, aliamua picha zihamie kwetu Bagira. Tuliondoka Lwiro asubuhi kwa baiskeli, mimi nimekaa nyuma na bahasha kifuani. Pale kijijini Miti tulikuta bariyeri, kizuizi cha askari barabarani. Komanda wao alifungua bahasha, akatazama, akaamuru Papa apige magoti.

"Hii picha ilipigwa na ndege. Mabomu iliangukia wapi? Unapelekea nani?"

Papa alijaribu kueleza. Askari mmoja akamsukuma kwa kitako cha bunduki. Nikatoa lenzi mfukoni, nikasema.

"Komanda, hapa haiko duniani. Iko mwezi wa sayari ingine. Shika lenzi hii, utafute barabara moja tu. Ao muto, ao nyumba. Ukipata, utufunge sisi wote wawili."

Akaishika. Alipekua picha moja baada ya nyingine, akawaita wenzake wawili nao watafute. Hawakuona hata njia ya mbuzi.

"Nani alikufundisha mambo haya?"

"Papa yangu. Ule mwenye amepiga magoti."

Komanda alimwendea Papa, akampa mkono kumwinua. "Muzee, uko na mutoto kweli," alisema, akaturudishia bahasha.

Papa aliendesha mpaka tulipoiacha Miti mbali nyuma yetu. Ndipo aliposimamisha baiskeli, akajifuta uso kwa shati, akacheka mpaka nami nikacheka.

Tulimalizia hesabu nyumbani, mezani pa kulia chakula. Barua zilipoanza tena kusafiri, Papa alimtumia yule mtaalamu karatasi zetu. Jibu lilichukua miezi: hesabu zetu zilikaribiana sana na zake, na katika picha moja tuliona mashimo madogo ambayo yeye aliyaruka. Papa aliisoma barua hiyo kwa sauti kwa kila jirani aliyekubali kuketi.

Nakala ya karatasi zile ninayo mpaka leo. Juu kabisa aliandika jina langu, lake akaliweka chini. Nilipomuuliza kwa nini, alishangaa.

"Mimi nilikuonyesha tu," alisema. "Mwenye alihesabu ni wewe."