Visamaki Hawakugusa Kitu

Mwaka ule wa vita vya Wazungu na Waarabu tulikimbia kutoka Kindu tukajificha msituni, nyuma kabisa ya mashamba ya mpunga. Tulikuwa wanne: nyanya, mama, mdogo wangu wa kike na mimi, niliyekuwa na miaka kama minane. Mama alilelewa mjini, akajua mpunga tu; msitu aliuogopa kama mgeni. Nyanya aliujua wote, lakini macho yalikuwa yamekwisha.

Tulichimba viazi vikuu vya msituni, vile vyenye sumu. Nyanya alivikata kwa kupapasa, mama akavitia kikapuni na kukizamisha kijitoni. Vilipaswa kukaa humo hadi visamaki waje kuvidonoa, ndipo ujue sumu imetoka. Kazi ya kutazama nilipewa mimi.

Siku ya pili mdogo wangu aliacha kulia njaa, akalala tu, mdomo wazi. Kunyamaza kule kulinitia hofu kuliko bunduki. Nilikwenda kijitoni mara sijui ngapi. Visamaki walikizunguka kikapu, lakini hawakugusa kitu.

"Samaki iko nakula?" nyanya aliniuliza.

"Iko nakula."

Mama akavipika. Kwetu mkubwa huonja kwanza, wengine wakingoja. Nyanya alikula vipande viwili, nami nikimtazama bila kumzuia. Haukupita muda midomo ikamvimba, akaanza kutapika. Hata katika hali hiyo alikisukuma chungu kwa mguu, kikamwagika, mdogo wangu asije akala.

Jioni nyanya alipopata sauti, mama aliniuliza kwa ukali kama kweli niliwaona samaki wakila. Nyanya alinigeuzia uso.

"Mutoto aliona muzuri," akasema. "Ni miye njo nilikata vipande vinene, sumu ilibaki ndani. Mukono umezeeka."

Kesho yake mama alipata ndizi kwenye shamba lililoachwa, na mdogo wangu akapona.

Lakini tangu siku ile mama hakumwachia nyanya kisu wala chungu, hata tuliporudi Kindu. Aliketishwa pembeni na kuletewa chakula tayari, yeye aliyeujua msitu wote. Alikufa hivyo, nami nilikuwa bado sijamwambia mama.