Chaza Walipona

Nilizaliwa Bungoma, nikasomea Kitale, na hadi namaliza sekondari sikuwa nimeiona bahari. Leo nalishwa na chaza, wale wanyama wa baharini wanaojifungia ndani ya makombe mawili. Nawaweka kwenye matangi huko Pwani, nawapandishia joto digrii moja kila siku, kisha nachunguza kinachotokea ndani ya seli zao.

Baba, mwalimu mstaafu, alitaka kujua kila kitu. Nilimweleza kwa simu kwamba protini ya mwili ni kama ute wa yai: ikipata moto mwingi huganda, haifai tena. Lakini joto likipanda polepole, jeni fulani huamka na kutengeneza protini nyingine za kuzishikilia zile zisiharibike.

"Kwa hivyo wanataka tu muda," akasema. Nikamwambia amepata mia kwa mia.

Wiki iliyofuata alilazwa. Dada yangu akanipigia kutoka hospitalini.

"Mzee anakuuliza. Kuja tu, bana. Hizo vitu zako za bahari si zitangoja?"

Nilijiambia hazingoji. Zilibaki siku nne jaribio liishe, na nikiondoka kazi ya miezi mingi inaharibika. Naona aibu hadi leo jinsi nilivyojiambia hivyo upesi. Mwenzangu wa maabara angeweza kabisa kusoma kipimajoto, ila sikumwamini. Kiburi tu.

"Mwambie siku nne," nikasema. Baba alipata tatu.

Kwetu, siku ya tatu baada ya mazishi wafiwa hunyolewa, kisha watu huketi kumzungumzia marehemu. Ndugu zangu walisimama mmoja mmoja, wakasema neno la mwisho waliloambiwa na baba. Langu lilikuwa "wanataka tu muda." Nilisimama na kipara changu, kisha nikaketi tena.

Dada akaniokoa. "Mzee alikuwa anaambia manesi ati huyu anauguza wanyama wamechomwa na joto, asisumbuliwe."

Watu wakaguna kwa huruma. Afadhali wangenizomea. Kisha baba mdogo, ambaye hajawahi kushuka Pwani, akainua kichwa.

"Sasa hao wadudu wako, waripona?"

"Walipona, baba. Wote."

"Basi mzee angefurahi," akasema, na wala hakuwa ananikejeli.