Lamnyu Nje ya Lango

Shiwang alikuwa na alama juu ya kipaji cha uso, mstari mpana usioota nywele, pale ulipokaa mkanda wa kubebea tangu ujana wake. Huku kwetu milimani kila mtu hubeba: kuni, magimbi, mpunga, maji. Shiwang alibeba watu. Mgonjwa akizidiwa, alifungwa kwenye kiti cha mianzi, kiti kikapandishwa mgongoni mwa Shiwang, na safari ya Lahe, kwenye hospitali, ikaanza, kuteremka bonde hili na kupanda kilima kile mpaka hata mwenye afya anatamani kubebwa.

Hakuwa mtu wa kujisifu, ila kwa jambo moja alikuwa na kiburi, nami simlaumu: hakuna mgonjwa aliyewahi kumfia mgongoni. Hilo huku si dogo. Mtu akifia ndani ya kijiji, ngoma kubwa ya gogo la mti inapigwa, anazikwa mbele ya nyumba yake, na wajukuu wanacheza juu yake. Akifia nje, iwe kwa kuanguka mtini, iwe kwa maji, iwe kwa ugonjwa tu njiani, lango la kijiji halimpokei tena. Anazikwa huko huko, kimya kimya. Mchungaji amehubiri sana juu ya jambo hili. Watu humwitikia amina, kisha wakitoka kanisani wanafanya vile vile. Ndiyo maana wengi hukataa hospitali. Sindano hawaiogopi, wanaogopa njia.

Kwa hiyo njiani Shiwang hakumwacha mgonjwa asinzie. Alimchokoza, akamuuliza habari za wakwe zake, akamtania mpaka mwenye homa akapandwa na hasira, na hasira hiyo ikamfikisha. Mwenzake wa kupokezana kiti alikuwa shemeji yake Mongkhi, mdogo wa mkewe, na huyo kwa maneno alikuwa balaa.

"Mzee, mwili umekwisha ila mdomo bado una uzito wake," Mongkhi alimwambia mgonjwa mmoja aliyelalamika njia nzima. "Hebu uteremshe huo mdomo utembee wenyewe, sisi tubebe kilichobaki."

Mvua za mwaka ule zilipoanza, aliyeugua alikuwa Lamnyu, mke wa Shiwang. Tumbo lilivimba, chakula kikamkataa. Alikaa kando ya moto akijishika ubavu na kusema ni gesi tu. Shiwang alitazama rangi ya macho yake, akajua si gesi.

"Kesho tunakwenda Lahe," akasema.

"Siendi."

"Mama Sangla..."

"Siendi, Baba Sangla. Nikifia njiani utaniweka wapi? Huko nje na waliokamatwa na chui?"

"Nimebeba watu wangapi mimi? Nani amenifia mgongoni?"

"Hao hukuwaoa. Wakisema usimame hukuwasikiliza. Mimi nikikwambia simama, utasimama."

Aliyemvunja nguvu Lamnyu ni binti yao. Sangla alikuwa na mimba kubwa, ameolewa nyumba ya kwanza ukiingia langoni. Alikuja akakaa miguuni pa mama yake, akasema maneno machache tu: "Nenda, mama. Mtoto akija nani atamwogesha? Mimi sijui."

Lamnyu aliuachia ubavu, akamshika binti yake kichwani. Kisha akamgeukia mumewe. "Niahidi utanirudisha nyumbani. Kwa vyovyote itakavyokuwa, unirudishe."

Shiwang akaahidi. Aliahidi haraka, kama mtu anayeahidi kitu kilicho mkononi mwake.

Daktari wa Lahe alikuwa kijana aliyetoka mabondeni, mpole, anayehema kila akipanda ngazi. Alimpima Lamnyu bila haraka, akamtoa maji tumboni, akampa dawa ya maumivu. Kisha akamwita Shiwang barazani. Alisema ini limekwisha kuharibika, na hata kule Hkamti, mtoni, kwenye hospitali kubwa, wasingeweza kulitengeneza.

"Mpeleke nyumbani, baba," akasema. "Na usikawie."

"Nisikawie kiasi gani?"

Daktari akaitazama miguu ya Shiwang iliyojaa tope.

Wakaanza kurudi kwenye mvua. Njia ilikuwa imemeguka mahali, ikabidi wazunguke kwa juu, wakishikilia mizizi. Shiwang na Mongkhi walipokezana bila kuambiana, mmoja akishusha pumzi mwenzake anachukua mkanda. Shiwang alijaribu utani wake wa siku zote, ukamkauka mdomoni. Aliyetania ni Lamnyu.

"Unahema kama nguruwe," alimwambia kutoka mgongoni. "Zamani ulikuwa unakipanda kilima hiki mbio kuja kwetu."

"Zamani nilikuwa sijakubeba."

"Na baba alikuona. Alisema, yule mwenye magoti makubwa anakuja tena kula chakula chetu."

Mongkhi akacheka kwa nguvu, kicheko cha mtu anayezuia kitu kingine. "Alisema na mengine, dada. Usimwambie leo, ataangusha kiti."

Walipofika kijito cha chini ya kijiji, moshi wa nyumba ulionekana juu kwenye ukungu. Kilibaki kilima kimoja tu. Lamnyu akasema, "Simama."

"Bado kidogo, mama."

"Nimekwambia simama."

Shiwang akasimama. Maji yalimpita miguuni, ya baridi kali.

"Ile ahadi yako," Lamnyu alisema, "iache."

"Kilima kimoja tu hiki."

"Sikiliza. Nikiisha kabla ya lango, msinipitishe kwa uongo. Namjua huyu Mongkhi. Mtoto wa Sangla atakulia pale pale langoni. Akikohoa, watasema ni bibi yake aliyeingizwa maiti. Mpunga ukiungua, watasema ni bibi yake. Nimewasikia wakisemwa wengine hivyo, na mimi mwenyewe nilisema. Sitaki mjukuu wangu aogopwe."

"Hutaisha."

"Basi nibebe."

Shiwang akapanda. Hakuwahi kupanda vile hata ujanani. Alikuwa akimsimulia habari za arusi yao, za yule nguruwe aliyekata kamba na kuingia kanisani mchungaji akiwa anaomba, na jinsi mama mkwe alivyomfukuza kwa mwiko. Lamnyu aliitika mara moja kwa mguno. Baadaye hakuitika tena. Shiwang aliendelea na hadithi mpaka mwisho, akaianza upya. Nyuma yake Mongkhi aliuona mkono wa dada yake unavyoning'inia, akaelewa, akafunga mdomo wake, na huo ulikuwa uzito ambao hajawahi kuubeba.

Lango lilipotokea, Mongkhi akasogea karibu na kiti.

"Shemeji, usigeuke. Tembea tu. Nitaitika mimi."

Kwa maana mgonjwa anayerudi huitwa jina na mzee wa lango, na lazima aitike mwenyewe kabla ya kuvuka. Mzee wa lango siku hizo alikuwa Thangkhiu, mtu mkavu, asiyependa mchezo. Alisimama kati ya nguzo mbili na mkeka kichwani kujikinga na mvua.

"Lamnyu!" akaita.

"Nipo," alijibu Mongkhi kwa kisauti chembamba kutoka nyuma ya kiti. Siku nyingine kijiji kizima kingeanguka kwa kicheko.

Hakuna aliyecheka. Thangkhiu alikuwa na macho mabovu, lakini si mabovu kiasi hicho. Alitazama ule mkono, akatazama uso uliolala begani mwa Shiwang. Kisha akasogea pembeni.

"Haya, ingieni," akasema. "Mvua inawanyeshea."

Njia ikawa wazi. Mbele, kwenye kizingiti cha nyumba ya kwanza, Sangla alikuwa amesimama, mikono juu ya tumbo. Shiwang alimtazama mwanawe, na moyo wake ukapasuka vipande viwili, kimoja kikivuta mbele.

"Hajaitika yeye, mzee," akasema.

"Shemeji!"

"Hajaitika yeye."

Akapiga magoti kwenye tope, nje ya nguzo, akakishusha kiti. Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, bila kuona haya.

Mongkhi alimtukana matusi ambayo siyaandiki. "Watu wa kila nyumba umewarudisha," alifoka, "na dada yangu ndiye unayemtupa nje kama jivu? Moyo wako ni wa nini wewe?" Mongkhi alipochoka kutukana, alichukua jembe, akaanza kuchimba.

Walimzika kwenye mteremko chini ya lango. Mchungaji aliomba. Ngoma haikupigwa. Watu walipoinuka kurudi, Shiwang alibaki, na kesho yake alibaki. Alikata mianzi akajenga kibanda kando ya kaburi. Watu walisema amerukwa na akili, na wengine walisema anataka kuwaaibisha wazee. Nadhani hakutaka lolote kwa mtu yeyote. Alikuwa ameshindwa kumrudisha nyumbani, akaona afadhali wakae wote nje.

Sangla akajifungua mtoto wa kike. Alikuwa akija mpaka langoni, anamwinua mtoto juu kwa mikono miwili ili babu yake amwone kutoka chini.

"Njoo umshike, baba!"

"Nikitokea huku kwa waliofia nje simshiki," Shiwang alipaza sauti. "Mfunike, kuna upepo."

Akishaingia ndani ya kibanda alikaa na kushika magoti yake, na hamu ya kile kitoto ilimuuma kama njaa. Mchezo huo uliendelea mvua zikaisha, mpunga ukavunwa, baridi ya kiangazi ikaingia.

Kiangazi kile nguzo za lango zilikuwa zimeoza, zikatakiwa mpya. Mti mkubwa ukaangushwa msituni, kijiji kizima kikaenda kuuvuta kwa kamba za mimea itambaayo, wanaume mbele, wanawake nyuma, wakiitikiana. Thangkhiu aliongoza na fimbo yake. Walifika kwenye mashimo ya zamani, wavutaji wakalegeza kamba. Mzee hakusimama. Aliendelea kuteremka, taratibu, akapita kibanda cha Shiwang, akapita kaburi, akachomeka fimbo ardhini.

"Hapa."

Watu wakatazamana. "Mzee," mmoja akasema, "lango liko kule juu."

"Kule udongo umelegea."

Kule juu ni mwamba mtupu, na kila mtu anajua. Mongkhi alikuwa wa kwanza kushika jembe, akichimba bila kumtazama mtu. Nguzo iliposimamishwa ikawa inayumba, mzee akageuka kwa ukali.

"Wewe Shiwang, umekaa unatazama nini? Huna mikono? Shika nguzo!"

Shiwang akaja, akaishika, akaegemeza bega mpaka udongo ulipopigwa ukakaza. Alipoachia na kugeuka, Sangla alikuwa anateremka na mtoto mgongoni. Hakusimama pale alipozoea kusimama. Alikuja moja kwa moja, akamfungua mtoto, akampa baba yake.

"Mshike vizuri," akasema. "Anapenda kurusha miguu."