Ubao Mama wa Dada Kipaza

Siku ya kwanza kumtia machoni nilikuwa nimepiga magoti chini ya meza ya kazi, natafuta msumari. Niliona kwanza viatu vyake, vimeshaingia vumbi la mbao zangu, kisha nikasikia sauti. Nisingeweza kukosea. Ilikuwa sauti ile ile inayotangaza mabasi stendi, ng'ambo ya barabara. Kwa miaka mingi nimepiga randa kwa kuifuata, kama mtu anayefuata wimbo bila kujali maneno.

"Hodi, fundi. Nimeambiwa ubao mama unapatikana kwako."

Nikainuka, nikagonga kichwa. Ubao mama sikujua ni mti gani, na kuuliza niliona haya. Nikaenda nyuma, nikavuta kipande cha mtiki kilichokauka vizuri, nikakipangusa kwa mkono wa shati.

"Huyu ndiye mama wa mbao zote humu," nikasema.

Akautazama ubao. Akanitazama mimi. Akacheka mpaka akakaa juu ya gogo.

Kumbe alitaka ubao wa kompyuta, ule ambao vipande vingine vyote huchomekwa juu yake. Alikuwa ameomba apunguziwe bei na muuza vifaa wa kona, tunayemwita Waya, na Waya akamjibu: "Wa bei hiyo nenda kwa seremala. Ana ubao mama, ubao baba na watoto wao." Naye kwa uchovu wa kuzunguka akaja kweli.

Stendi walimwita Dada Kipaza. Alikuwa mwembamba, mtu wa makamo kama mimi, na akinyamaza ungempita njiani usimwone. Alitaka kusoma hadithi redioni. Kituo kimoja cha mji wa mbali kilikuwa kimemsikiliza, kikamwambia sauti ni nzuri ila nyuma yake kuna mvumo. Alikuwa amerekodi kwenye kompyuta ya kukodi, na feni yake ikaimba naye tangu mwanzo hadi mwisho. Wakampa nafasi moja tu nyingine, kabla ya mvua kuanza. Ndiyo maana akaamua kuunda kompyuta yake mwenyewe, isiyo na sauti, kwa kile kidogo alichonacho.

Basi kila mapumziko ya mchana akawa anapitia kwangu, kwa kuwa nilikuwa na meza, na vitu vyake vilitaka mahali pa kulala. Alivieleza kana kwamba ni ndugu zake. Ubao mama ulitangulia, baada ya Waya kulegeza bei. Prosesa, ubongo wa kompyuta, alichagua ya polepole. "Hizi zenye mbio zina homa, fundi. Zikipata homa zinataka feni za kupiga kelele. Hii yangu ni mpole, haichemki." Feni akachukua moja, pana, inayozunguka kwa uvivu. Memori akanunua kipande kimoja tu, cha pili kingefuata, Mungu akipenda. Kwenye umeme hakutaka mchezo.

"Dada, hii pawasaplai imetumika kidogo tu," Waya alimbembeleza, akimwonyesha ya mtumba.

"Ndivyo ulivyomwambia mkeo, Waya. Nipe mpya."

Kilichomtesa ni diski. Za kuzunguka zilikuwa rahisi lakini zinakoroma. Zisizozunguka zilikuwa kimya na bei zake zinauma. Alizunguka meza yangu akiishika moja na kuiweka nyingine, jua limeingia dirishani na vumbi linaelea kati yetu kama kitu kilichosahau kuanguka. Mwisho akachukua ile ya kimya.

"Basi tena," akasema. "Kasha la kuviwekea sina, na mfuko umenuna."

"Nitachonga," nikasema.

Sijui neno lile lilitoka wapi. Nadhani hata ubao ulishtuka.

Nikauchukua ule ule mtiki. Ndani nikaweka bati, moto usiguse mti. Matundu ya hewa nikayapindapinda, hewa ipite lakini sauti ipotee njiani. Feni nikaiegemeza juu ya vipande vya mpira, isitikise mbao. Nikiwa kwenye kazi hiyo nilikuwa nikisikia kasha likitangaza safari za ajabu: basi la kwenda mawinguni, basi la kwenda jana. Nikishtuka, ni yeye kule stendi.

Dada yangu, ninayeishi naye, alikuja na chakula akasimama mlangoni.

"Ndara zangu ziko wapi?"

Nikaitazama ile mipira chini ya feni.

"Aa! Zimeenda kwa wifi. Na bado hujamwambia kitu! Utachonga mpaka lini, mdogo wangu?"

Tulijaribu Jumapili mchana, misumeno yote ya mtaa imelala. Akawasha, taa ndogo ikawaka, na hatukusikia kitu. Akainamisha sikio kwenye mtiki kama anayemsikiliza mgonjwa. Kisha akanisogezea maiki.

"Sema neno moja, fundi. Lolote, nipime."

Maneno nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeyapanga tangu siku ya diski, yamelala kifuani yamenyooka kama mbao zilizopigwa randa. Nikafungua mdomo, halikutoka hata moja. Akasubiri. Kwenye kioo cha kompyuta mstari wa sauti ulikwenda umelala. Akazima, akarudisha nyuma, akanipa spika moja ya sikioni, nyingine akaiweka kwake.

Hakukuwa na mvumo. Hakukuwa na feni. Palikuwa na mtu anapumua, kwa shida, karibu sana.

Dada Kipaza hakucheka. Alisikiliza mpaka mwisho, akairudia tena. "Ni safi," akasema polepole. "Hakuna kingine kabisa. Ni wewe tu."

Akalibeba kasha kwake, akasoma hadithi yake, akaituma.

Mvua ya kwanza ilipiga bati langu asubuhi ambayo sauti ngeni ilikuwa ikitangaza mabasi. Nikaweka randa chini. Yeye alikuwa mlangoni, begi begani, kasha la mtiki limefungwa kwa khanga kifuani kama mtoto, na ng'ambo basi linanguruma.

"Wamenikubali, fundi. Naenda."

Nikafuta mikono. Nikafungua mdomo kama siku ile, na kama siku ile nikabaki hivyo, mvua inasema kwa niaba yangu. Akanisogelea, akanipangusa vumbi la mbao begani.

"Usijisumbue, fundi. Mimi nimeshakusikia."