Punje Nyeusi

Mkunga wa kliniki ya kitongoji cha Fittja hana kawaida ya kumwambia mjamzito asiogope. Mezani kwake hukaa bakuli la mchele, na humo ndani mna punje moja aliyoipaka wino mweusi iwe mfano wa hatari. Anapozungumza huupitisha mkono wake mnene kwenye mchele, taratibu, kama mtu anayetafuta vijiwe. Siku moja Colombe, mjamzito aliyevuka miaka arobaini, aliingia macho yamemvimba: gazeti la bure la kwenye treni limeandika kwamba kwa mama wa umri wake, hatari ya mtoto kuzaliwa na kasoro ya moyo ni mara mbili ya ile ya mama kijana. Mkunga hakubishana na gazeti. Alichukua kalamu, akapaka punje ya pili, akaipuliza mpaka ikakauka, akaitumbukiza na kuchanganya. "Hiyo ndiyo mara mbili yao. Fumba macho, mama, uokote moja."

Colombe akaokota nyeupe. Akashusha pumzi, kisha akaigeuzageuza kiganjani. "Na ningeokota nyeusi?"

Wengi hapo wangecheka na kubadilisha mazungumzo. Mkunga aliweka kiganja chake chini ya kile cha Colombe. "Ungeishika hivyo hivyo, na mimi ningekushika hivi."