Paskazia na Kiti cha Juu

Mimi si mtu wa kushtuka ovyo. Katika karakana yetu ya kutengeneza boti na matishari, hapa ufukweni Ilemela, nimeona mkanda ukikatika na bamba la chuma likaanguka karibu na miguu yangu, na mchana nikala ugali na sato wangu nikamaliza. Lakini siku ile Paskazia aliponyamaza juu ya kreni huku mzigo ukiwa hewani, nilishtuka, na sioni aibu kulisema.

Nianze na huyu Paskazia ni nani, maana watu wanasema mengi juu yake na nusu ni upuuzi. Ni mwanamke wa Sengerema, mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Aliingia kwetu kama mpishi wa chai. Wakati huo dereva wa kreni alikuwa mzee Mashimba. Kreni yetu si ile ya kutembea barabarani. Ni boriti nene ya chuma inayovuka karakana kutoka ukuta hadi ukuta, chini kidogo ya paa, inatembea juu ya reli na ndoano inaning'inia katikati. Dereva anapanda ngazi, anaingia kwenye kichumba kilichoshikizwa kwenye boriti, karibu kabisa na mabati, na anashinda humo mpaka jioni. Paskazia alikuwa akimpelekea Mashimba chai huko juu, na badala ya kushuka anabaki kuuliza: huu mkono unafanya nini, na huu je. Mashimba alipoanza kuugua kifua na kurudi kwao Magu, bosi alihangaika kutafuta dereva. Mpishi wa chai akasema, mimi naiweza. Watu walicheka hadi walipomwona akiteremsha injini ya boti mahali pake taratibu, kama mama anayelaza mtoto aliyesinzia.

Mimi ni mfungaji wa mizigo. Nafunga minyororo na mikanda, kisha natoa ishara kwa mikono: pandisha, shusha, nenda kulia, subiri. Kelele za karakana haziruhusu maneno. Kwa hiyo mimi na Mama Precious, ndivyo tunavyomwita Paskazia, tumezungumza kwa mikono zaidi ya miaka kumi, na tumegombana kwa mikono pia. Nikichelewa kufunga ananionyesha kwa vidole jinsi kobe anavyotembea. Nami si mtu wa kunyamazia dharau, namjibu, na majibu yangu hayaandikiki hapa.

Sasa niseme habari ya maziwa. Mafundi wetu wanaamini, kama mafundi wengi wa vyuma, kwamba anayechomelea lazima anywe maziwa. Moshi unakaa kifuani, maziwa yanaosha kifua. Hilo kwetu halikuwa na mjadala, tulilikuta kwa waliotufundisha kazi. Kila asubuhi yalikuja maziwa kwenye ndoo, na kila fundi wa kuchomelea alipewa kikombe chake. Paskazia hakuwa fundi wa kuchomelea, kwa hiyo hakuwemo kwenye mgawo, lakini mafundi walimpenda. Walimfungia chupa kwenye kamba, akaivuta hadi juu. Aliinywa yote, kisha akajipigapiga kifua kutuonyesha kuwa kimeshaoshwa.

Mwaka jana bosi wetu, Abubakary, alinunua vifaa vya kinga. Abubakary ni mtu mwema, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, maana kumkasirikia mtu mbaya ni kazi rahisi. Aliwanunulia mafundi helmeti za kuchomelea zenye kioo cheusi, glovu ndefu za ngozi, aproni, na barakoa nene zenye vichujio viwili mashavuni. Mimi nilipata kofia ngumu na buti zenye chuma mbele. Kreni ilipata minyororo mipya, na dereva wake akapata mkanda wa kujifunga asianguke. Kila mtu alikingwa na hatari yake. Hatari ya aliye juu ni kuanguka, nani asiyejua? Paskazia mwenyewe aliwacheka mafundi na zile barakoa.

"Mmekuwa kama nyani wanaoumwa meno," aliwaambia. "Mimi maziwa yananitosha."

Alikuwa na jambo moja tu alilolitaka duniani. Kile kiti cha kreni kilimjengea nyumba Buswelu na kumsomeshea Precious, binti yake wa pekee, hadi chuo cha ufundi. Kwake kilikuwa shamba, na shamba mtu humwachia mwanawe. Kila alipokutana na Abubakary alimkumbusha: nikichoka, kiti ni cha Precious. Hayawi hayawi huwa. Mwaka huu Abubakary akakubali. Precious akaajiriwa kunisaidia mimi chini, na wakati wa mapumziko, mafundi wakiwa wamezima mashine na kwenda kula, alipanda kwa mama yake kujifunza. Mama Precious alichinja kuku wawili Jumapili iliyofuata akatualika, na mimi nilikula paja.

Kikohozi alikuwa nacho tangu zamani. Alisema ni vumbi la njia ya Buswelu. Dada yake alisema ni watu wenye kijicho, kwa sababu mwanamke hawezi kukaa juu ya wanaume wote wale bila kutupiwa kitu. Mimi nilisema anywe tangawizi.

Ndipo ikaja siku ile. Tulikuwa tunaunganisha ubavu wa tishari. Nilikuwa nimefunga bamba refu, limepanda vizuri, na Venant, fundi wetu wa siku nyingi, alikuwa amepiga magoti upande wa pili akiandaa mahali pa kulipokea. Nikatoa ishara ya kushusha. Bamba halikushuka. Nikatoa tena. Nikafikiri ananitania. Kisha nikaona kwamba mkono wake haupo dirishani, wala kichwa chake.

Nilimvuta Venant kwa ukosi wa ovaroli nikamtupa pembeni. Nikageuka kumtafuta Precious, kumbe tayari yuko nusu ya ngazi. Baadaye alinisimulia alichokikuta: mama yake ameinamia vile vishikio, midomo imebadilika rangi, anavuta pumzi kwa shida kama mtu anayezama. Hapakuwa na nafasi ya kumlaza mtu na mwingine kusimama pembeni. Msichana yule alimlaza mama yake sakafuni, akasimama juu yake miguu imemkumbatia kila upande, akanitazama. Nikampa ishara. Alilishusha lile bamba hadi chini bila kuligonga popote, kisha ndipo akaanza kupiga kelele tupande kumsaidia.

Alilazwa hospitali kubwa ya mjini. Kifua kikuu walikipima, hakikuonekana. Baada ya siku kadhaa, siku ya kumruhusu, daktari akaomba aitwe mtu anayeijua kazi yake, nikaenda mimi. Alikuwa mwanamke kijana, mpole, ameiinua picha ya kifua kwenye mwanga.

"Mama, umechomelea vyuma kwa muda gani?"

"Mimi sijawahi kuchomelea," Paskazia alisema. "Mimi naendesha kreni."

"Hata kidogo? Hata ujanani?"

"Hata kishikio chake sijakishika."

Daktari aliitazama tena ile picha. Akanigeukia mimi. "Hiyo kreni iko wapi?"

"Juu, karibu na paa."

"Na wanaochomelea?"

"Chini yake."

"Na moshi wao unakwenda wapi?"

Nilifungua mdomo kujibu. Swali lenyewe mtoto wa chekechea angelijibu. Lakini nilibaki na mdomo wazi, na nilipomtazama Paskazia nilimwona naye yuko hivyohivyo. Tulikuwa wawili tumekaa kwenye viti vya plastiki, watu wazima, na hakuna aliyeweza kulitoa lile neno moja.

"Lakini mimi nakunywa maziwa," Paskazia akasema hatimaye. "Kila siku. Hata Jumamosi."

"Maziwa ni chakula kizuri, mama. Yanakwenda tumboni. Kwenye mapafu hayafiki."

Ningeambiwa jua linachomoza Sengerema na kuzama Magu nisingeshangaa vile. Nimeyanywa maziwa yale mwenyewe nilipokuwa fundi wa kuchomelea, kabla ya kufunga mizigo. Nimewakemea vijana wasioyanywa. Nilitaka kumbishia yule daktari, nikaangalia shingo ya Paskazia jinsi mishipa inavyosimama kila akivuta pumzi, nikaacha.

Daktari akauliza kama kuna mtu aliyekaa kwenye kichumba hicho kabla yake. Nikamtaja Mashimba. Akauliza yuko wapi. Nikasema alifariki mwaka uleule aliorudi kwao, kwa kifua. Tulimchangia rambirambi, tukasikitika, tukasema mzee karogwa na ndugu zake kwa ajili ya ng'ombe. Wale ndugu tuliwaangalia vibaya msibani mpaka wakashindwa kukaa na sisi. Nilipokuwa nasema hayo nilisikia sauti yangu mwenyewe kama ya mtu mwingine.

Daktari alisema palipoharibika mapafuni hapatarudi kama mwanzo, lakini anaweza kuishi na kulea wajukuu ikiwa hatapanda tena kule. Paskazia hakuwa anamsikiliza. Alikuwa amenishika mkono kwa nguvu.

"Baba Queen," aliniambia, "leo kreni inaendeshwa na nani?"

Alijua. Nami nilijua. Abubakary mwenyewe alikuwa amesema, baada ya kuona lile bamba lilivyoshuka, kwamba Precious hana haja ya kujifunza zaidi, na asubuhi ile ndiyo alikuwa ameanza kazi rasmi.

Tulichukua bajaji. Njiani nilipiga simu ya Abubakary ikaita mpaka ikakata. Ya Precious ilikuwa kabatini, dereva haruhusiwi kupanda na simu. Paskazia alikuwa anamhimiza yule wa bajaji kwa kumgonga mgongoni, maana pumzi ya kusema hakuwa nayo.

Karakana ilikuwa kwenye kazi kubwa, mafundi wote wamewasha, cheche zinaruka kila upande, na wote wamevaa zile barakoa zao. Mama Precious akasimama mlangoni. Hapo ndipo nilipotambua kitu. Tangu aanze kuendesha, hajawahi kusimama chini wakati mafundi wakichomelea. Alipanda kabla hawajawasha na alishuka wakishazima. Kazi yake ilikuwa kutazama chini. Sasa alitazama juu.

Moshi ulikuwa umetanda chini ya mabati, wa rangi ya buluu, mzito, haupati pa kutokea. Boriti ya kreni ilionekana nusu. Kichumba kilikuwa kama kivuli, na ndani ya kivuli hicho kichwa cha mtu kinachogeuka huku na huku.

Mwenye macho haambiwi tazama, wanasema. Basi sisi karakana nzima hatukuwa na macho.

"Na mimi nilikuwa naonekana hivyo?" aliniuliza.

"Ndiyo."

"Siku zote?"

"Wakichomelea, ndiyo."

Aliita jina la mwanawe. Sauti yake ile kubwa haikufika hata kwangu vizuri. Nikaingia katikati ya sakafu nikatoa ishara ya kusimamisha, kisha ya kushuka. Precious aliifunga kreni kwa utaratibu wote, akateremka ngazi mbio, anatabasamu.

"Shikamoo, Baba Queen. Mama, wamekuruhusu? Umeona nilivyolaza lile bamba la mwisho?"

"Hupandi tena," mama yake akasema.

Tabasamu lilimtoka taratibu. Abubakary alikuwa ametoka ofisini amesimama nyuma yetu, na mafundi walikuwa wanazima mmoja mmoja. Nilijaribu kueleza aliyosema daktari, lakini maneno yalinitoka shaghalabaghala, moshi, maziwa, Mashimba, na Precious hakunisikiliza.

"Mama, kiti hiki umekiomba wewe mwenyewe. Miaka yote umekiomba. Leo ndiyo siku yangu ya kwanza unanitoa mbele za watu?"

"Nilikiomba."

"Wewe huwezi kufanya kazi tena. Mimi nisipopanda, tutakula nini?"

Abubakary akasema kwamba barakoa atanunua leo hii, na feni za kutolea moshi atatafuta, na alisema kwa dhati, nilimwona uso umemparara. Paskazia pumzi ilikuwa imemwishia. Alichukua pindo la kitenge chake, akalizungushia kwenye kidole, akamshika binti yake kisogoni na kumfuta pua ndani, kama alivyokuwa akimfanyia alipokuwa mdogo. Akalifungua lile pindo mbele yake.

Lilikuwa jeusi tii. Weusi huo Mama Precious aliujua, aliufuta kwenye pua yake mwenyewe kila jioni akidhani ni grisi ya kreni.

Precious alilichukua lile pindo mwenyewe, akalikunja upande uliokuwa safi, akajifuta tena. Likatoka jeusi vilevile.

"Nimepanda leo asubuhi tu," alisema. Kisha akainua macho, akamtazama mama yake kifua kinavyopanda na kushuka. "Mama, na wewe?"

Mama Precious alilikunja lile pindo likaelekea ndani, weusi usionekane, akamshika mwanawe mkono, wakaondoka kuelekea mlangoni. Walikuwa wakisimama kila baada ya hatua chache ili yeye apate kupumua, na sisi sote tulisimama tukiwatazama mpaka walipotoka.