Mbwa Aliyelishwa kwa Mkono

Juzi, nikipita mtaa wa Kanyenye, nilimwona mwanamke akimlisha mtoto wa mbwa kwa mkono, na wivu wa zamani ukaamka kifuani mwangu.

Nilipokuwa mtoto tulikaa mtaa wa Ng'ambo. Baba alikuwa ameletewa mtoto wa mbwa, mkubwa karibu kama ndama, aliyenguruma kila mtu akikaribia chakula chake. Kila alasiri Baba alitoka kazini kwenye reli, akachuchumaa uani na bakuli la utumbo wa kuchemsha, akampa kipande kimoja kimoja. "Taratibu, bwana. Taratibu," alimwambia, kwa upole ambao sikuwahi kuusikia ukielekezwa kwangu. Harufu ya utumbo ilinifuata hadi jikoni, kwenye ugali wangu na mlenda. Niliamini mbwa yule anapendwa kwa sababu ananguruma.

Basi alasiri moja nilipiga magoti kando ya mbwa, nami nikanguruma.

Mama, aliyekuwa akipepeta mtama, alicheka hadi ungo ukamponyoka. Baba hakucheka. Aliniwekea kipande kiganjani, akaushika mkono wangu kwa chini. "Tulia. Usimtazame machoni."

Mbwa alinguruma kidogo, akanyamaza, kisha akakichukua kile kipande kwa ulimi. Ndipo Baba akauachia mkono wangu.

"Mama Anna," alimwambia Mama, akishusha pumzi, "asingemzoea mtoto, ningemrudisha alikotoka."

Leo najua mafunzo yale yote yalikuwa kwa ajili yangu. Siku ile niliona jambo moja tu: bakuli limekwisha, na mimi sikuonjeshwa hata kipande.